Kitabu Alichokuwa Akinisomea Tabitha

Gorong'a, 9 Februari 2024

Eunice,

Sasa nimepata njia ambayo huwezi kunikatia. Kwenye simu nikifika tu kwenye neno kitabu, unaanza shangazi mtandao, shangazi sikusikii, halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Nimemwita Philomena, huyu jirani yangu mshona nguo ambaye ni mwandishi wa kwaya, amekaa hapa na kalamu, mimi naongea yeye anaandika. Nimemwambia andika kama ninavyosema, usinipambe, kama nimetukana andika nimetukana.

Salamu kwanza, maana mimi adabu sijaacha njiani kama wengine. Hatujambo. Mvua imetupiga chenga, mahindi yamesimama tu yanatuangalia. Ng'ombe yule mwenye pembe iliyovunjika amezaa, dume, lina doa jeupe usoni kama limejipaka unga. Boke anatembea sasa, anakimbiza kuku mpaka kuku wamegoma kutaga. Mama yake, Tabitha, yupo yupo tu. Tangu ile mimba iharibike mwezi wa kumi na moja hajarudi kuwa mtu. Na juzi ameteleza tena njia ya mtoni, anashika ubavu. Nimemwambia vaa viatu, wewe ni mtu mzima, hasikii. Nyamhanga alikuja Jumamosi kutoka Nyamongo, vumbi la mashimo ya dhahabu mpaka kwenye kope, lakini hakuja mikono mitupu. Sukari, sabuni, na ugoro wangu. Kijana yule ana heshima. Ananiita mama mkubwa. Nilimchagulia Tabitha vizuri, waliokuwa wananicheka waje wanywe chai.

Haya. Kitabu.

Eunice, kwenye matanga ya baba yako, kaka yangu mimi wa tumbo moja, mimi nalia mpaka sauti imekauka, wewe unaingiza mkono kwenye kikapu cha Tabitha unatoa kitabu unatia kwenye mkoba wako. Hukuniaga. Tumefika hapa Gorong'a, tumekaa, nimemwambia Tabitha haya soma, ananiambia mama, kitabu amekichukua dada Eunice. Nusura nirudi Nyansurura kwa miguu.

Najua utaniambia nini. Utaniambia kitabu ni chako, ulikinunua Mugumu kwenye lundo la mitumba la Faraji. Najua. Utaniambia mna sheria yenu nyinyi wanawake wasomaji, kitabu hakilali sandukuni, ukimaliza unampa mwingine. Sheria nzuri. Lakini mimi nimemaliza? Sijamaliza. Nani kati yenu alinyang'anywa yuko katikati?

Wewe hujui nimeachwa wapi, ngoja nikwambie. Kuna mwanamke anaitwa Rozi. Rozi ameolewa nyumba ntobhu, vilevile kama nilivyomwoa mimi Tabitha. Mama mmoja tajiri hana mtoto wa kiume, ametoa ng'ombe zake, ameoa msichana amzalie kwenye nyumba yake, na amemchagulia mwanaume wa ukoo wa kuja kulala naye. Nilipigwa na butwaa. Nikasema kumbe hata wanaoandika vitabu wanatujua. Huyo aliyeandika ametoka huku huku, labda bonde la pili tu. Sasa mama wa kitabuni ana nyumba ya matofali ya kuchoma, ana mashine ya kusaga, anatembea kwa kuchechemea. Na mwanaume aliyemchagua ni mnyama. Anampiga Rozi mateke, anampiga pasipoonekana, halafu asubuhi anamwamkia yule mama kwa magoti. Rozi alikuwa na mimba, mimba ikatoka. Mama akaambiwa Rozi ameanguka, akaamini. Nilimtukana mama yule, Eunice. Nilimwambia Tabitha simamisha hapo kwanza nimtukane. Mwanamke mzima, mnakaa ua mmoja, mtu anavunjwa mbavu upande wa pili wa ukuta, wewe unakunywa chai. Na sukari ya hiyo chai kaleta nani? Kaleta huyohuyo mwanaume. Mama mpumbavu sijawahi kumsikia kama huyo.

Nimeachwa hapa: Rozi amefunga nguo zake na za mtoto kwenye kanga, amezificha ndani ya kihenge chini ya mtama. Hajui aondoke kimya au amwambie yule mama. Basi. Ndipo wewe ukaja na mkono wako.

Aliondoka au alisema? Hilo tu. Nirudishie kitabu nijue. Usipokirudisha nakuja mwenyewe, na sitakuja na salamu.

Shangazi yako,
Mokami
(kwa mkono wa Philomena)


Nyansurura, 26 Februari 2024

Shikamoo shangazi,

Barua imefika, kondakta wa gari la Mugumu ameileta imekunjwa kama tambuu, lakini imesomeka. Sisi hatujambo. Mama bado anaweka kiti cha baba mlangoni kila asubuhi na hakuna anayethubutu kukikalia. Wanangu wana mafua. Tembo waliingia kwenye mihogo ya jirani, sisi walituruka, tunashukuru.

Shangazi, sikukukatia simu. Mara ya pili ndiyo nilikata, nakiri, kwa sababu ulisema baba amezaa mwizi na alikuwa hata wiki mbili hajamaliza kaburini.

Kitabu nilikichukua kwa sababu kilikaa kwako tangu mwezi wa tisa. Saida, yule muuza vitenge wa Mugumu, alikuwa anakisubiri tangu kabla ya Krismasi, kila nikipita dukani kwake ananiuliza. Nikamwambia kiko kwa shangazi, hataki kukiachia. Watu wakaanza kusema kwetu ndiko kitabu kinakufa. Ndiyo maana. Ningekuaga, lakini ulikuwa umezungukwa na wazee.

Halafu shangazi, sijaelewa kitu kimoja. Rozi ni nani? Mimi kitabu kile nilikisoma haraka, niliruka kurasa, lakini ninavyokikumbuka ni cha karani wa reli anayetafuta sanduku lililopotea. Labda umechanganya na mchezo wa redio. Na kurasa za mwisho hazipo, zilichanika zamani. Sisi kila anayekisoma anamwambia anayemfuata mwisho anaoona unafaa.

Muulize Tabitha vizuri. Msalimie, na ubavu wake upone.

Mwanao,
Eunice


Gorong'a, 17 Machi 2024

Eunice,

Mchezo wa redio. Redio yangu ilikufa mwaka juzi, panya walizaa ndani yake, wewe mwenyewe uliiona ukacheka. Mimi nimezeeka miguu, kichwa sijazeeka. Nimezika mume, nimezika watoto wawili wa kike, nimezika sasa na kaka, na kila mmoja nakuambia alikufa akiwa amevaa nguo gani. Leo nimesahau kitabu?

Salamu zipo, chukua. Mvua imekuja kwa hasira, imelaza mtama wa Philomena. Philomena, andika, si umelala kweli? Ndama anakua. Boke alimeza kifungo, kikatoka chenyewe. Mama yako mwambie hicho kiti akiache, akikichoka atakitoa mwenyewe, asiharakishwe na mtu.

Sasa sikiliza. Mimi kusoma sijui. Baba yangu alisema mtoto wa kike akienda shule ng'ombe watachungwa na nani, nikachunga mimi. Lakini masikio ninayo. Tabitha amenisomea tangu mwezi wa tisa, kila alasiri maharage yakiwa jikoni. Na anasoma kama maji. Padri kwenye misa anakwama, anarudi nyuma, anatafuta miwani. Tabitha hakwami. Siku moja kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa jikoni mpaka simwoni uso, macho yananitoka machozi, yeye anaendelea tu kusoma. Nikasema mtoto huyu wazazi wake walikosea sana kumtoa shule darasa la tatu, angekuwa hakimu. Sasa wewe unaniambia eti karani wa reli. Reli iko wapi huku? Mtu wa kuandika nyumba ntobhu ataandika reli ya nini?

Nilichokigundua mimi ni kwamba unanidanganya. Umekipoteza, au umekiuza, unataka kuniletea kingine uniambie ndicho hicho, kwa sababu bibi hajui kusoma. Kitabu changu nakijua. Hakina jalada, tumekivalisha karatasi ya mfuko wa simenti, na pembeni kina doa la maziwa la Boke.

Nimemuuliza Tabitha, kama ulivyosema. Nikamwambia achana na kitabu, wewe umekisoma, si lazima umeshachungulia mbele, niambie kwa kichwa tu, Rozi aliondoka au alisema? Akasema, mama, bila kitabu mkononi siwezi. Nikamwambia unaweza, mimi nina hadithi mia kichwani na sijashika karatasi hata moja. Akasema mimi siwezi, mama, mdomo haufunguki. Akachukua ndoo akaenda mtoni, na maji yalikuwepo. Nilikasirika. Nikasema nimeoa jiwe.

Na tangu hapo ni jiwe kweli. Anapika, anafagia, neno hakuna. Juzi Nyamhanga amekuja, tumekaa tunakunywa chai, mimi kwa uchungu wangu nikamweleza habari za kitabu, kwamba mke wake ananisomea na wewe umekichukua. Akauliza, kitabu gani hicho, kinahusu nini? Nikaanza kumweleza, mama tajiri, Rozi. Tabitha akadondosha sufuria, uji wote chini. Nyamhanga akamwangalia. Mimi nikagomba habari ya uji, mazungumzo yakaishia hapo. Asubuhi Tabitha ana jicho limevimba, anasema amejigonga kwenye mlango wa zizi. Nimemwambia Nyamhanga aje aurekebishe huo mlango, unaning'inia.

Nirudishie kitabu kabla ya Pasaka. Nyumba hii imekuwa kimya na mimi kimya siwezi. Wewe ndiye umeniletea.

Mokami


Nyansurura, 20 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Pasaka imepita, najua. Mama hajambo, amekubali kiti kiingie ndani. Watoto wamepona.

Nimechelewa kwa sababu kitabu kilikuwa kimetembea. Nilienda kwa Saida, akaniambia amemaliza, amempa mkwe wake aliyeko Natta. Nikapanda bodaboda hadi Natta kwenye matope, mkwe naye alikuwa kwenye sura ya mwisho, akakataa kukitoa mkononi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimsubiri amalize, nikanyeshewa. Basi kimepatikana, ndicho hiki, kondakta atakukabidhi mkononi. Angalia doa la maziwa.

Kabla sijakituma nimekisoma. Safari hii sikuruka hata mstari. Shangazi, ni karani wa reli. Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka pale kilipochanika, ni karani na sanduku lake. Hakuna Rozi. Hakuna mama mwenye mashine ya kusaga. Hakuna nyumba ntobhu, hakuna kihenge. Nilimuuliza Saida, nikamuuliza na mkwe wake. Hakuna.

Nilitaka kunyamaza. Nimeandika barua hii mara tatu nikichana, kwa sababu wewe ukikasirika unasikika mpaka Sirari. Lakini na mimi sasa nimekasirika, kwa hiyo soma. Namaanisha, msikilize Philomena akikusomea, na Philomena, tafadhali usiruke.

Tabitha aliishia darasa la tatu. Anasoma jina lake na kibao cha zahanati. Shangazi, mtu gani anasoma kwenye moshi?

Hakuwa anasoma. Alikuwa anakusimulia. Jicho si mlango wa zizi, ubavu si njia ya mtoni, na mimba ile haikutoka kwa kuteleza. Alipata kitabu akakishika mbele ya uso wake, akaweza kusema. Na mimi nikaja nikamnyang'anya, kwa ajili ya foleni ya Mugumu. Hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini Nyamhanga nani alimchagua? Baba, Mungu amrehemu, alikwambia huyo mura, kijana huyo, ana mkono mwepesi, tangu akiwa mdogo alikuwa anapiga mpaka punda wa watu. Ukamjibu ng'ombe ni zako.

Sina la kukufundisha. Nimekurudishia kitabu.

Eunice


Gorong'a, 19 Mei 2024

Eunice,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Usidhani nilikuwa natafuta maneno. Maneno ninayo. Nilikuwa na kazi.

Mvua imekatika, maharage tunavuna. Ndama ameumwa na kupe, amepona. Boke amejifunza neno sitaki, asubuhi mpaka jioni ni sitaki. Namwacha.

Siku ile Philomena alikuwa ananisomea barua yako hapa hapa, akafika pale pa moshi akasimama. Nikasema endelea. Akasema kalamu ya Eunice mbaya, haisomeki. Muongo. Nikamwambia soma au usinywe tena maji kwenye nyumba hii. Akasoma. Alipomaliza nikamkasirikia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwambia maneno, yeye anayajua, hayaandikwi. Halafu nikamwambia fungua kitabu, soma cha mwanzo kabisa. Akafungua. Karani, kofia ya kazi, treni imechelewa. Nikasema fungua katikati. Karani. Fungua mwisho. Karani bado anatafuta sanduku lake, mjinga yule.

Nikakukasirikia na wewe. Ulijua tangu barua ya kwanza kwamba Rozi hayupo, ukaniambia mchezo wa redio. Baba yako nilimkasirikia kaburini huko, kwa nini alisema mara moja tu, angesema mara kumi, ananijua mimi ni mtu wa kuambiwa mara kumi. Nilikasirikia mpaka sukari. Nilitazama lile kopo la sukari rafuni nikaona kama linanicheka. Yule mama wa kitabuni nilimtukana kwa mdomo wangu, Eunice, mtoto wa watu amekaa mbele yangu na karatasi usoni anasikiliza. Ananiambia mama, niendelee? Namwambia endelea, nataka kujua huyo mpumbavu atafunguka macho lini.

Hata kunipa mguu wa kuchechemea alinipa ili nisijitambue. Na mashine ya kusaga. Nilikuwa naionea wivu ile mashine.

Basi nikainuka. Tabitha alikuwa shambani na Boke. Nikaenda kwenye kihenge. Unajua mgongo wangu, nilipanda juu ya kinu nikafunua paa, nikaingiza mkono chini ya mtama mpaka begani. Kanga ilikuwepo. Ile ya bluu niliyompa akijifungua. Sikuifungua, niliipapasa tu kwa nje. Kigauni cha Boke chenye vifungo, nakijua kwa vidole. Kadi ya kliniki. Viatu vile ninavyomgombeza avae, vipya, amevitunza vya safari. Nikairudisha kama ilivyokuwa, nikasawazisha mtama juu, nikashuka. Nikakaa chini pale pale kama gunia.

Sikumwambia neno. Wewe ungemwambia. Philomena naye alitaka aende akamkumbatie, nikamshika gauni. Ukimwambia mtu kama yule kwamba unajua, anaziba mdomo. Alishaziba mara moja, nimeona.

Jumamosi Nyamhanga akaja. Akakuta kigoda chake kiko nje ya ua, njiani, na juu yake blanketi lake na ile redio yake ndogo. Akaingia anacheka. Mama mkubwa, vipi, mnafagia? Nikamwambia tumeshafagia, hizo ndizo taka. Akaniwekea sukari mezani. Nikaichukua nikatoka nayo mpaka njiani nikaiweka kwenye kigoda.

Akaona sitanii. Akauliza nimekosa nini? Nikasema unapiga. Akasema nani kakwambia? Na hapo hapo, Eunice, macho yake yakaenda jikoni alikokuwa Tabitha. Macho yale ningeyaona mwaka jana kama ningekuwa siangalii kopo. Nikamwambia usiangalie huko, niangalie mimi. Nimesoma kitabuni.

Akacheka kweli kweli. Wewe? Wewe unasoma?

Nikasema nasoma. Nikaingia ndani nikatoka na kitabu chenye karatasi ya simenti, nikakifungua mbele yake, sijui hata kama kilikuwa juu chini, nikamsomea. Nikasema hapa imeandikwa mwanaume anampiga mke wa nyumba ya mwenzake mateke ya tumbo mwezi wa kumi na moja. Hapa imeandikwa anampiga jicho kwa sababu ya uji. Nikafunua. Hapa imeandikwa mwenye nyumba alimtoa, na akirudi atakutana na panga la marehemu mume wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mzee, hata wakimfunga atakula miaka mingapi ya jela? Kicheko kikaisha. Akakiangalia kile kitabu kama kinauma. Yeye mwenyewe kusoma ni kwa kubahatisha, nilijua.

Akasema mtoto ni wa ukoo. Nikasema mtoto ni wa nyumba yangu, ng'ombe nilitoa mimi, uliza zizi. Akaondoka. Blanketi alibeba, sukari alibeba, kigoda alikiacha. Nimekipasulia kuni.

Wazee wa ukoo wakaja Jumatatu, Mzee Heche mbele na fimbo yake. Mokami, unafukuza mbegu ya nyumba yako, uko mzima? Nikawakaribisha vizuri, wakanywa uji hauna sukari. Nikawaambia uso kwa uso, mbegu gani inayokuja kung'oa ilichopanda? Mjukuu wangu mwingine yuko wapi? Wakaanza kukohoa. Mzee Heche akasema basi tuchague kijana mwingine mpole, kuna mmoja pale. Nikasema hakuna kuchagua. Tabitha akitaka mtu atasema mwenyewe. Asipotaka, Boke ndiye nyumba, na Boke anajua kusema sitaki. Wamekasirika. Wamesema hawatakuja nikifa. Nikawaambia nikifa sitawaona, msijisumbue.

Tabitha alisikia yote, alikuwa anapepeta maharage kando ya ukuta. Hata ahsante hakusema, na ningemgombeza angesema. Nililala nikijua asubuhi kihenge kitakuwa kitupu. Asubuhi nikaamka nikamkuta anawasha moto. Kihenge sijaenda kukiangalia tena, mgongo haukubali. Nasema mgongo, wewe elewa.

Kitabu nimekiweka juu ya meza, pale anapoketi. Siku ya kwanza alikizunguka kama nyoka. Jana alikifuta vumbi. Leo sijui.

Sasa nisikilize wewe na Saida na huyo mkwe wa Natta na foleni yenu yote. Kitabu hakitoki hapa mpaka kiishe. Watu wakisema kwetu ndiko kitabu kinakufa, waseme. Mlisema mwisho wake umechanika na kila mtu anaweka anaoutaka. Mimi siuweki. Mwenye kusoma ndiye atauweka, na akitaka kusema Rozi alibeba kanga akaondoka, nitasikiliza, sitamtukana mtu, na nitampa nauli. Nitakasirika, lakini nitampa. Na huyo karani wenu atafute sanduku lake taratibu.

Mama yako mwambie nitakuja kumwona kama miguu

Subiri, Philomena. Ananiita.

Anasema, mama, maharage yameiva nusu, njoo tukae. Anasema ameona pale walipoishia, pale pa kihenge, anasema anaweza kuendelea.

Philomena, usimwangalie hivyo, utamtisha. Acha hapo hapo. Nakuja, mwanangu, weka kigoda karibu na moto, nakuja.